Meya wa Chama Kilicho Wachache: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu wa Unguja na Pemba huyauliza kila uchaguzi unapokaribia, hasa pale baraza la mji linapoelekea kupata kiongozi anayetoka katika chama kisichoshika serikali. Majibu yanaanzia Zanzibar, kisha yanachukua mifano ya Kigoma, Iringa, Dar es Salaam na mji mmoja wa Marekani, kwa sababu huko yametokea mambo ambayo hapa hatujayaona, au tumeyaona kwa sura nyingine.

Meya wa chama kilicho wachache ni wa namna gani hasa?

Zipo hali mbili, na mazungumzo mengi huharibika kwa kuzichanganya. Katika hali ya kwanza, chama cha meya kina madiwani wengi mjini lakini hakishiki serikali ya nchi. Meya wa namna hii hupitisha maazimio yake bila taabu, kisha huyakuta yamekwama katika ofisi zilizo juu yake. Katika hali ya pili, meya mwenyewe amechaguliwa na wananchi ilhali madiwani walio wengi ni wa vyama vingine, kwa hivyo kila jambo lake hukwama mezani pake, mbele ya macho yake. Wa kwanza anahitaji subira na ufundi wa kushughulika na wizara. Wa pili anahitaji kura za watu wasiompenda, na huo ni ufundi mwingine kabisa.

Hapa Zanzibar kiongozi wa mji hupatikana vipi?

Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 2014, iliyochukua nafasi ya sheria za mwaka 1995, inatambua mabaraza ya manispaa, mabaraza ya miji na mabaraza ya wilaya. Manispaa huongozwa na meya, na baraza la mji huongozwa na mwenyekiti, ndiyo maana watu wa Wete, Chake Chake na Mkoani wamezoea zaidi kumtaja mwenyekiti. Kwa mambo yanayozungumzwa hapa, kazi zao zinafanana, kwa hivyo kila panapotajwa meya msomaji amhesabu na mwenyekiti.

Wananchi hawampigii kura meya moja kwa moja. Wao huchagua diwani wa wadi yao, katika uchaguzi unaosimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar siku zile zile wanapochaguliwa Rais wa Zanzibar na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Madiwani, pamoja na wale wa viti maalumu na wa kuteuliwa, ndio wanaokaa baadaye wakamchagua kiongozi wao. Utaratibu huu unaeleza kwa nini ile hali ya pili ni nadra kwetu: asiyekuwa na madiwani wa kutosha hafiki kwenye kiti. Akitokea kufika, basi ameaminiwa na watu wa chama kingine, na mtu kama huyo huwa amekwishaanza kazi kabla ya kuapishwa.

Je, vyama vya upinzani vimewahi kuwa na nguvu katika miji yetu?

Vimewahi, na Pemba ndiyo ushahidi mkubwa. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, Dkt. Salmin Amour wa CCM, chama kinachotawala, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule. Majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Kwa hivyo tangu mwanzo tulikuwa na kisiwa kimoja ambacho walio wachache serikalini walikuwa wengi mitaani, tena kwa wingi ambao hakuna aliyeweza kuutilia shaka.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 na mauaji ya Januari 2001, vyama viwili hivyo vilitia saini Muafaka wa Oktoba 2001, yaani makubaliano ya kumaliza mgogoro wao, na uchaguzi mdogo ukafanyika Pemba mwezi Mei 2003. Kuanzia hapo hadi mwaka 2015, mtu wa Chake Chake au Wete aliyetaka kuutumikia mji wake kwa tiketi ya CUF alikuwa na njia ya kufanya hivyo. Njia hiyo ilikatika ghafla. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi mzima, ukiwemo wa madiwani, na CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016. Wengi hukumbuka jambo hilo kwa upande wa urais tu. Wanaosahaulika ni madiwani, watu waliokuwa wamejifunza bajeti, mikataba ya masoko na mipaka ya viwanja kwa miaka kumi au zaidi, ambao ujuzi wao uliondoka barazani bila ya kukabidhiwa mtu yeyote. Mji mdogo hauna akiba kubwa ya watu wenye ujuzi wa namna hiyo.

Meya ana mamlaka gani, na mkurugenzi ana mamlaka gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na inafaa anayetaka kugombea alijibu nafsini mwake kabla ya kuchukua fomu.

Mkurugenzi wa baraza huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mtendaji mkuu: anasimamia watumishi, malipo, zabuni na utekelezaji wa maazimio. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa pia ni wateule wa Rais. Sheha, ambaye ndiye mkono wa serikali ulio karibu zaidi na mlango wa mwananchi, naye hatoki katika baraza wala hawajibiki kwa diwani. Sheria ndogo ambazo baraza linazitunga hazianzi kutumika mpaka zipate ridhaa ya Waziri. Ukiyaweka yote haya pamoja, utaona kwamba meya wa chama kisichotawala anafanana na mtu aliyepewa kukaribisha wageni katika nyumba ambayo funguo zake zote anazo mwengine.

Hata hivyo, kiti chake si kitupu. Meya huongoza kikao, na anayeongoza kikao huamua jambo gani lizungumzwe, lini, na kwa muda gani. Kamati hufanya kazi kwa makabrasha, na meya aliyesoma kabrasha usiku uliotangulia anaweza kumuuliza mkurugenzi swali ambalo halijibiki kwa maneno ya jumla: mkandarasi wa taka wa mtaa wa Machomane amelipwa kiasi gani, kwa kazi ya wiki zipi, na nani alithibitisha kwamba jaa lilisafishwa. Swali la namna hiyo likiingia katika kumbukumbu za kikao, jibu lake hudaiwa mpaka lipatikane. Nguvu ya meya wa wachache, kwa maoni yangu, imo humo hasa: katika kuitisha, kuuliza, na kuandika. Hotuba za mkutano wa hadhara zinampa sifa, lakini mtaro unachimbwa na azimio lililoandikwa vizuri, lenye tarehe na jina la ofisa anayehusika.

Jambo jengine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba wakurugenzi wengi si maadui. Ni watumishi wanaoogopa kulaumiwa na waliowateua. Meya anayempa mkurugenzi sababu nzuri ya kiutumishi ya kufanya jambo, na akamwachia sifa yake, atapata zaidi kuliko yule anayemshambulia kila kikao ili apigiwe makofi.

Fedha za baraza hutoka wapi, na zinaweza kuzuiliwa?

Mabaraza yetu hutegemea leseni za biashara, ushuru wa masoko, ada za maegesho na za kuondosha taka, na mchango wa Serikali Kuu. Katika mji mdogo vyanzo vya ndani ni vyembamba. Pemba vinapanda na kushuka pamoja na msimu wa karafuu, kwani karafuu zikikosa, mzunguko wa fedha sokoni nao hupungua, na mwenye duka huchelewa kulipa leseni.

Fedha huzuiliwa mara chache kwa amri ya wazi. Mara nyingi zaidi hucheleweshwa, au chanzo huhamishwa kwa sheria inayogusa kila mtu. Tanzania Bara, baada ya upinzani kushika miji kadhaa mwaka 2015, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na kuanzia mwaka 2021 kodi hiyo ikawa inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Hatua hiyo iliyagusa mabaraza ya vyama vyote, lakini meya ambaye hana mtu wake wizarani aliumia zaidi, kwa kuwa hakuwa na mlango wa kubisha ili afidiwe. Funzo la kiutendaji ni kwamba meya wa wachache asijenge ahadi zake zote juu ya chanzo kimoja, na hasa kile ambacho saini ya mtu mmoja inaweza kukiondoa.

Yupo meya aliyeanza karibu peke yake na akafanikiwa?

Yupo, na mfano wake unastahili maelezo marefu kidogo. Mwaka 1981, katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, mji wa watu wapatao 38,000, Bernie Sanders alimshinda meya aliyekuwa madarakani, Gordon Paquette wa chama cha Democratic, kwa tofauti ya kura 10 baada ya kuhesabiwa upya. Sanders hakuwa wa chama chochote kati ya viwili vikubwa. Huko wananchi humchagua meya moja kwa moja, kwa hivyo aliingia ofisini akalikuta baraza la wajumbe 13 ambalo waliomuunga mkono walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka wake wa kwanza baraza lilikataa kuwathibitisha maofisa aliowapendekeza, akalazimika kufanya kazi akiwa amezungukwa na waliowekwa na mtangulizi wake. Angeweza kuutumia muda wote kulalamika. Badala yake aliwaomba watu wa kujitolea, akaunda vikundi vya ushauri vya vijana, wanawake na wasanii, akashughulikia mambo madogo yanayoonekana, kama barabara kusafishwa theluji, na akawaeleza wapiga kura wazi nani amezuia nini. Uchaguzi wa baraza wa mwaka 1982 ukampatia wajumbe wa kutosha kiasi kwamba kura yake ya turufu, yaani haki yake ya kukataa uamuzi wa baraza, haikuweza tena kupinduliwa. Kutoka hapo wapinzani wake walilazimika kuzungumza naye.

Alichaguliwa tena mwaka 1983, 1985 na 1987, kwa vipindi vya miaka miwili miwili. Mwaka 1984 mji ulisaidia kuanzishwa kwa amana ya ardhi ya jamii, ambayo hushikilia ardhi ili nyumba zilizo juu yake zibaki kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaimudu. Ufukwe wa ziwa lililo kando ya mji, ambao wengine walitaka ujengwe majengo ya kifahari, baadaye ukawa eneo la wazi la wananchi. Aliondoka mwaka 1989, na aliyemfuatia, Peter Clavelle, alikuwa mtu wa upande wake. Sanders mwenyewe alishindwa ugavana mwaka 1986 na ubunge mwaka 1988, akashinda ubunge mwaka 1990, kisha useneta mwaka 2006.

Mazingira ya Vermont si ya Pemba, na hakuna haja ya kuyalazimisha yafanane. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba huko uchaguzi wa baraza hurudi haraka, na meya aliyezuiliwa anaweza kuwarudia wananchi mwaka unaofuata. Kwetu ni miaka mitano. Meya wa hapa akikwama mwaka wa kwanza, ni lazima atafute maelewano na watu wale wale waliomo barazani.

Na hapa Tanzania, mfano ulio karibu ni upi?

Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilipata madiwani wengi huko, na Hussein Ruhava akawa meya. Kwa chama kilichokuwa kimesajiliwa mwaka mmoja tu kabla, na kilichokuwa na mbunge mmoja wa kuchaguliwa nchi nzima, hiyo ilikuwa manispaa yake ya pekee, na macho yote yalikuwa juu yake. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za mwanzo duniani kuingia katika Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, mpango wa kimataifa wa serikali zinazoahidi kuwafungulia wananchi taarifa zao, zikiwemo manispaa na miji mikubwa mno kuliko yenyewe. Ulikuwa uamuzi wenye akili, kwani uwazi haugharimu fedha nyingi na ni jambo ambalo baraza lisilo na mali linaweza kulitoa.

Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na ushiriki wa Kigoma Ujiji ukaishia hapo. Mji haukukosea popote. Uhusiano wake na dunia ulipitia mlango wa serikali kuu, na mlango huo ukafungwa. Kila anayepanga miradi ya ufadhili kwa mji unaoongozwa na upinzani auzingatie mfano huu, ahakikishe kwamba kazi yenyewe, yaani kubandika bajeti mahali pa wazi na kusoma hesabu mbele ya watu, inaweza kuendelea hata mfadhili akiondoka.

Serikali ya Umoja wa Kitaifa haimsaidii meya wa upinzani?

Humsaidia kidogo na kwa njia ya mzunguko. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliungwa mkono na asilimia 66.4 ya waliopiga kura, na Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa ili vyama vikuu viendeshe serikali kwa pamoja, kwa kuweka nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais na kugawana mawaziri. Utaratibu huo unahusu ngazi ya juu. Haukusema lolote kuhusu wakurugenzi, wakuu wa wilaya wala masheha, na huko ndiko mwananchi anakokutana na serikali kila siku. Naona hili ni pengo kubwa katika maridhiano yetu. Viongozi wanaweza kukaa meza moja Vuga, kwenye ofisi za serikali mjini Unguja, huku diwani na sheha wa shehia moja hawasalimiani, na katika hali hiyo kero ya maji machafu inapita mikononi mwa watu wawili wasiopeana taarifa. Linaloweza kumsaidia meya ni kuwa na waziri wa chama chake ndani ya Baraza la Mapinduzi, mtu wa kuulizia barua ilikokwama.

Meya anaweza kuondolewa kabla ya muda wake?

Anaweza, na Tanzania Bara tumeona hivyo mwaka 2020. Isaya Mwita wa CHADEMA, chama cha upinzani, aliyekuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 2016, alipigiwa kura ya kumwondoa mwezi Januari, ukazuka mvutano mkubwa kuhusu iwapo theluthi mbili inayotakiwa ilitimia. Miezi michache baadaye Alex Kimbe, Meya wa Iringa wa chama hicho hicho, naye akaondolewa na baraza lake.

Kilichotangulia Iringa ndicho cha kuangaliwa. Baadhi ya madiwani wa CHADEMA walikuwa wamehamia CCM, na hesabu ya baraza ikabadilika. Kati ya 2017 na 2020 madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais wa wakati ule, na wengi wao wakarudi na kugombea wadi zile zile kwa tiketi ya CCM. Meya aliyeshinda na madiwani wengi hupotea kwa kudhani kwamba wingi huo ni wake daima. Diwani ambaye wadi yake haijapata hata taa moja ya barabarani kwa miaka mitatu hana cha kuwaambia watu wake, na akija mtu kumwahidi taa hiyo, atasikiliza.

Kwa hivyo ni busara meya mwenyewe kuhama chama ili mji wake upate miradi?

Hoja hii hutolewa kwa nia njema na watu waliochoka kusubiri, na haifai kupuuzwa. Lakini anayehama hupoteza udiwani wake na humlazimisha mwananchi kurudi kwenye kituo cha kura kwa jambo ambalo alikwishaliamua. Zaidi ya hayo, hoja yenyewe inakubali kwamba huduma ya mji ni zawadi ya chama, ilhali mchuuzi wa samaki wa Wete analipa ushuru ule ule anaolipa mwenzake wa Darajani. Msimamo wangu ni kwamba meya abaki alipochaguliwa, na adai haki ya mji wake kwa maandishi, kwa heshima, na bila kukoma.

Analipwa vizuri?

Hapana. Kazi hii ni ya posho zaidi kuliko mshahara, na viongozi wengi wa mabaraza huendelea na biashara, ualimu, uvuvi au kilimo. Asiyekuwa na kipato chengine atakuwa mwepesi kushawishika, na ni bora alijue hilo mapema.

Kijana anayetamani kazi hii aanzie wapi?

Aanzie katika kamati ya skuli, kamati ya soko au ushirika, mahali ambapo atalazimika kukubaliana na watu wa chama kingine kuhusu jambo dogo lenye fedha ndani yake. Asome Sheria Na. 7 ya 2014 na kanuni za vikao mpaka azijue kuliko wanaompinga. Ajifunze kusoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, sehemu inayohusu mabaraza, kwani humo mna maswali yaliyokwishatayarishwa. Na azijue wadi zote za mji, sio ile yake tu. Atakapotaka kura za wenzake awe meya, diwani wa CCM kutoka wadi ya pembezoni atamuuliza kama amewahi kufika kwao siku ya mvua.

Meya wa wachache akimaliza muda wake, afanye nini na kazi alizoziacha?

Aziache katika maandishi. Kila mkataba ulio hai, kila deni, kila kiwanja chenye mgogoro, kila ahadi iliyotolewa na wizara na tarehe ya barua yake, viandikwe katika taarifa moja ya makabidhiano, nakala moja ibaki kwa mkurugenzi, nyengine iwekwe mezani kwa madiwani wapya katika kikao chao cha kwanza, hata kama wote ni wa chama kilichomshinda. Baadhi watamwona mjinga kwa kuwasaidia wapinzani wake. Lakini soko litafunguliwa asubuhi inayofuata, taka zitahitaji gari, na mkandarasi atakuja kudai malipo yake kwa yeyote atakayekuwepo ofisini.